Paja la nguruwe lenye ukungu: limeoza au liko tayari?

Swali: Mimi ni mwenyeji wa Bukavu, sasa naishi Bowling Green, Kentucky. Mwisho wa mwaka kazini walitugawia kila mtu paja zima la nguruwe ndani ya mfuko wa kitambaa. Halikuwa kwenye friji, na nilipolifungua nikakuta ukungu wa kijani na mweupe. Mwenzangu Mmarekani akasema ndivyo lilivyo, nisitupe. Nikakata kipande nikakaanga, kikawa chumvi tupu, watoto wakakataa. Je, limeharibika? Kama halijaharibika, nilipikeje kwa ajili ya wageni? Linaweza kuliwa bila kupikwa, kama nilivyosikia? Na siku nikitaka kununua mwenyewe, niangalie nini?

Jibu:

Usilitupe, dada. Mwenzako wa kazini kakuambia kweli. Hiyo ni hemu ya kantri, paja la nyuma la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na ukungu juu yake ni jambo la kawaida, hasa kwa paja lililoning'inia miezi mingi. Tatizo lilianzia kwenye kikaango: uliipika kama nyama iliyotoka buchani asubuhi. Wewe mtu wa Bukavu unayajua makayabu, wale samaki waliokaushwa kwa chumvi. Hakuna anayeyatoa sokoni akayatia kwenye mafuta ya moto saa ileile. Huloweshwa, hubadilishiwa maji, ndipo yanakutana na moto. Paja hili nalo lataka hivyo, ila kwa kuwa ni kubwa, subira nayo iongezeke. (Wasomaji wangu Waislamu mtanivumilia leo, mada hii si ya meza yenu.)

Tuanze na ukungu, maana ndio uliokutisha. Ngozi ya paja na ule upande wa nyama ulio wazi hukauka na kuwa mgumu, na ukungu huota juu ya ganda hilo bila kuingia ndani sana, kwa sababu ndani kuna chumvi nyingi na maji machache. Chukua brashi ngumu, maji ya vuguvugu na siki kidogo, usugue mpaka uishe. Sabuni usitumie. Pale ulipokwisha kukata, kama ukungu umeshika kwenye nyama yenyewe, kata tabaka jembamba ulitupe. Ukiona pia vidoa vyeupe vigumu kama punje ndani ya nyama, usihangaike navyo: ni chembe za tirosini, zinazojitenga protini zinapovunjika taratibu. Wajuzi huzifurahia, kwa kuwa ni dalili ya paja lililokaa muda wa kutosha.

Kuoza kwa kweli hujificha kwingine, karibu na mfupa. Chumvi ikichelewa kufika huko wakati nyama bado ina maji, uvundo huanzia ndani ilhali nje panapendeza. Wazee wa Kentucky na Virginia huchoma kijiti chembamba cha chuma mpaka karibu na mfupa, pale kwenye kiungo cha nyonga na tena karibu na goti, wakakitoa na kukinusa. Fanya hivyo na kijiti cha mishikaki. Harufu nzuri ya nyama kavu, moshi, pengine kama ya jibini au njugu, ni salama. Ikikupiga harufu ya kuoza, hapo ndipo tunalitupa bila kuliombea.

Kwa nini halikuwekwa kwenye friji? Kwa sababu lilibuniwa kabla ya friji kuwapo. Nguruwe walifika Virginia na Waingereza wa Jamestown miaka ya mwanzo ya 1600, wakazaliana kuliko watu walivyoweza kula nyama mbichi. Desturi ikawa kuchinja baridi inapoanza, Novemba hadi Januari, na kulifukia paja ndani ya chumvi, mara nyingi na sukari, wakati mwingine na shura, yaani chumvi ya naitreti. Linakaa hivyo kwenye baridi, kwa kadirio la kawaida siku moja na nusu hadi mbili kwa kila ratili (karibu nusu kilo). Kisha huoshwa na kuachwa wiki kadhaa ili chumvi ya juu isambae hadi ndani. Masika hupewa moshi wa mti wa hikori, na kiangazi huning'inizwa. Joto la Julai, ambalo lingeozesha nyama nyingine yoyote, ndilo linaloipa hii ladha yake. Katika mashamba makubwa ya enzi ya utumwa, kazi hii ya kuchinja, kusugua chumvi na kulinda moto wa banda la moshi ilifanywa na Waafrika waliotumikishwa, na ujuzi wao ulibaki ndani ya mapishi haya hata pale jina kwenye mfuko lilipokuwa la mwenye shamba.

Siku hizi viwanda vingi vina vyumba vinavyoigiza majira, baridi kisha vuguvugu kisha joto. Sheria ya serikali ya Marekani nayo imeweka mpaka: ili paja liuzwe kwa jina hili, lazima liwe limepoteza angalau asilimia 18 ya uzito wake wa mwanzo, ndani liwe na chumvi isiyopungua asilimia 4, na kazi yote ya kutia chumvi, kuisambaza na kukausha isipungue siku 70. Shika hiyo asilimia 4. Maana yake kila gramu 100 za nyama hiyo zina angalau gramu 4 za chumvi, na mara nyingi huzidi. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Sasa unaelewa kwa nini watoto walikataa. Hii ni nyama ya kuonjea. Inakatwa nyembamba mpaka unakaribia kuona upande wa pili, inaliwa na kitu kisicho na chumvi. Mwenye presha, aonje kipande kimoja au aiache kabisa. Hili silisemi kwa adabu tu.

Sasa mapishi ya wageni. Kama wanakuja Jumamosi, anza Jumatano jioni. Kwanza, kifundo cha chini cha mguu kikatwe kwa msumeno, la sivyo paja halitaingia kwenye sufuria yoyote uliyo nayo. Ukilipeleka dukani, kwenye kaunta ya nyama, wengi watakusaidia ukiomba vizuri. Kifundo hicho usikiache huko! Nitakirudia.

Ukishalisugua, lizamishe lote kwenye maji baridi. Kama friji haina nafasi, boksi lile la barafu la kubebea vinywaji linafaa kabisa. Ongeza barafu ili maji yabaki baridi kama ya friji. Badilisha maji asubuhi na jioni. Paja la miezi mitatu au minne linatosheka na saa 24. Lililopita mwaka linataka saa 48, hata 72. Hujui umri wa lako, kwa hiyo nenda na saa 48, kisha kata kipande kidogo kwenye sehemu nene, kichemshe pembeni uonje. Bado kali? Ongeza usiku mmoja. Ulimi wako ndio kipimo hapa. Mapishi ya kwenye mfuko yaliandikwa na watu waliozoea chumvi hii tangu utotoni.

Kuna wanaolioka kwenye oveni likiwa na maji kidogo chini ya karatasi ya aluminiamu. Mimi nakushauri ulichemshe, kwa sababu maji mengi yanaendelea kutoa chumvi. Sufuria kubwa, maji mapya yalifunike, weka glasi kadhaa za juisi ya tufaha au kikombe cha sukari ya kahawia ukipenda. Chumvi usiongeze, wala kidonge cha Maggi. Maji yakaribie kuchemka kisha upunguze moto yabaki yakitikisika tu, kama nyuzi 180 za Fahrenheit, yaani 82 za Selsiasi. Yakitokota kwa nguvu nyama inakakamaa na kupasuka nyuzi nyuzi. Kadiria dakika 20 hadi 25 kwa kila ratili, kwa hiyo paja la ratili 15 ni saa tano hadi sita na robo. Lakini saa isikutawale. Nunua kipimajoto cha nyama. Kichome sehemu nene bila kugusa mfupa. Kwa nyama ya nguruwe mbichi serikali inataka angalau nyuzi 145 za Fahrenheit na kuipumzisha dakika tatu. Mimi napenda kulitoa linapofika 150 au 155, kati ya 66 na 68 za Selsiasi, maana mfupa ndio mahali pagumu na sitaki wasiwasi.

Wazee walikuwa na njia nyingine ambayo bado utaisikia vijijini: paja linachemshwa kwa maji nusu saa ndani ya debe kubwa lililokuwa la mafuta ya nguruwe, debe linafunikwa, linazungushiwa magazeti na mablanketi, linaachwa usiku kucha lijiive lenyewe kwa joto lililobaki. Ni ujanja mzuri wa kuokoa kuni. Kwa mtu anayepika mara ya kwanza siushauri, kwa sababu huwezi kujua ndani kunaendelea nini.

Likiwa bado na uvuguvugu, chuna ngozi. Itatoka kwa urahisi. Punguza mafuta yabaki unene wa kidole kidogo. Yachanje mistari ya kupishana, pachika karafuu chache, paka haradali na sukari ya kahawia na pilipili manga, kisha oveni ya nyuzi 400 za Fahrenheit, kama 200 za Selsiasi, kwa dakika 15 au 20, mpaka sukari ing'ae na kushika rangi. Baada ya hapo liache lipoe kabisa. Wengi huharibu mambo hapa: wanalikata likiwa moto, vipande vinakuwa vinene, wageni wanaishia kunywa maji usiku kucha. Likipoa linakatika vizuri. Kisu chembamba, kikali, anzia upande wa kifundo, kata kwa kuelekea mfupa, vipande vyepesi. Paja moja namna hiyo linalisha zaidi ya watu 30 bila shida.

Kwenye sahani, Wamarekani wa Kusini huiweka ndani ya biskuti zao, ambazo ni mikate midogo laini ya beking pauda, jamaa wa skonzi, zilizopakwa siagi. Kwa wageni wako wa Kongo na Burundi ningeiweka pembeni ya ndizi za kuchemsha, viazi vitamu au ugali uliopikwa bila chumvi, na majani mengi. Ile mboga wanayoiita collard, inayouzwa kwa mafungu kila duka la huko, ndiyo sukuma wiki ya Wakenya, na watu wa Kusini wamekuwa wakiipika na kifupa cha nguruwe kwa vizazi. Hapo ndipo kifundo chako cha mguu kinaporudi: kiloweshe usiku mmoja, kichemshe na maharage au kunde, au kitie kwenye sufuria ya sombe (kisamvu). Utaniambia mwenyewe. Hapo pia chumvi usitie mpaka umeonja mwishoni.

Na kile kipande cha kukaanga kilichowashinda watoto kina njia yake, tena ndiyo inayoliwa zaidi Kentucky asubuhi. Kata unene wa robo inchi, yaani milimita sita hivi. Kiloweke kwenye maji ya vuguvugu au maziwa nusu saa hadi saa nzima, mwaga, kikaushe kwa taulo ya karatasi. Chanja pembe za mafuta ili kisijikunje. Kikaango cha chuma, moto wa wastani kushuka chini, dakika mbili au tatu kila upande, basi. Kikizidi hapo hakitafuniki. Kisha, kikaango kikiwa bado moto, mimina kahawa nyeusi isiyo na sukari, nusu kikombe, ukwangue yale yaliyoganda chini. Mchuzi huo mwembamba wanauita wa jicho jekundu. Haunenepeshwi kwa unga. Kahawa tupu naiona chungu mno, kwa hiyo mimi huchanganya nusu kahawa nusu maji. Humwagwa juu ya griti, uji mzito wa mahindi ya chengachenga, ambao mtu aliyelelewa kwa ugali hahitaji kufundishwa kuula.

Ukija kununua mwenyewe, jambo la kwanza ni kutochanganya bidhaa mbili. Duka kubwa limejaa hemu ya waridi, laini, yenye maji, nyingine imekwishakatwa mzunguko mzima. Hiyo imedungwa maji ya chumvi na karibu yote imeshaiva. Ni ya kupasha moto tu. Unayoitafuta wewe ina maneno Country Ham kwenye lebo, na mara nyingi maelezo kwamba haijapikwa. Soma hayo mawili kabla ya bei.

La pili ni umri, na lebo nyingi hazikuambii. Pakiti za bei nafuu za dukani huwa za miezi michache: chumvi nyingi, ladha kidogo. Si mbaya kwa maharage. Kwa paja la wageni ningetafuta la miezi tisa hadi kumi na miwili, na hapo ulipo umekaa pazuri. Magharibi mwa Kentucky ni kitovu cha kazi hii. Princeton kuna ukoo wa Newsom, wanaotumia chumvi na sukari ya kahawia bila kemikali ya naitreti. Kuttawa kuna Broadbent. Kule Madisonville, Tennessee, Allan Benton aliacha ualimu akaanza kazi hii mwaka 1973, na wapishi wa mikahawa mikubwa ya miji ya mbali humwagizia. Moshi wake ni mzito, atakayevaa koti karibu na jiko atalisikia kesho yake. Wa North Carolina kwa kawaida hawatumii moshi au hutumia kidogo, kwa hiyo kama moshi ndio uliowakera watoto, agiza huko. Virginia wana jina lao la mji wa Smithfield, ambalo sheria ya jimbo ya mwaka 1926 ililifungia mji huo, na zamani ilidai hata nguruwe wawe wamelishwa karanga. Sharti la karanga liliondolewa miaka ya 1960, kwa hiyo usilipe zaidi kwa hadithi ya karanga.

Piga simu uulize: lina miezi mingapi, lina moshi, mnaweza kulikata kifundo? Muuzaji wa kweli hufurahia maswali hayo. Ukiweza kulishika, libonyeze. Liwe gumu, zito, nyonga imejaa. Kama unataka kuyaona mengi kwa pamoja, mji wa Cadiz hufanya tamasha la hemu kila Oktoba. Na ukisikia kwamba kwenye maonyesho ya jimbo kule Louisville, mwezi wa Agosti, paja moja lililoshinda limenunuliwa kwa mamilioni ya dola, usidhani ndiyo bei: ni mnada wa hisani.

Ila nikuambie wazi, siku ukinunua mwenyewe, ningekushauri usichukue paja zima. Familia ya watu watano haitalimaliza kwa furaha. Nunua pakiti ya vipande vya katikati kwa kifungua kinywa, na mfuko wa vipande vya pembeni na masalio, ambavyo wazalishaji wengi huviuza rahisi kwa ajili ya kuungia mboga. Paja zima ni la harusi, msiba na Krismasi.

Kuhusu kuhifadhi: zima lisilokatwa hukaa kwenye mfuko wake mahali pakavu na baridi hata mwaka. Lako umeshalikata, kwa hiyo ulilokata lifunge vizuri liingie friji leo, na likiwa halijapikwa una miezi miwili hadi mitatu. Likishapikwa, hesabu siku saba. Friza inakuongezea mwezi tu, kwa kuwa chumvi huyafanya mafuta yaharibike na kunuka haraka hata kwenye barafu.

Kuhusu kulila bila kupikwa: wapo wanaolikata jembamba kama Waitaliano na Wahispania wafanyavyo na mapaja yao, na baadhi ya wazalishaji hutengeneza aina maalumu kwa ajili hiyo. Hizo huandikwa kabisa kwamba ziko tayari kuliwa. Tazama mfuko uliopewa kazini. Ukikuta maelekezo ya kupika kwanza, au usikute neno lolote, lipike.